Denis Pritt: Wakili Mwenye Mizani Mbili

Muhula wa kwanza, mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitupa kazi ambayo wengi tuliiona kama mzaha. Kila mwanachama achague jina la barabara moja ya Nairobi, atafute lilikuwa la nani, kisha atuandikie maisha ya mtu huyo kwa maneno yake mwenyewe, bila kunukuu. Wahenga walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Siku hiyo matatu iliniacha, nikafika majina matamu yote yameshagawanywa. Tom Mboya amechukuliwa, Harry Thuku amechukuliwa, Ronald Ngala na Mama Ngina pia. Mimi nikaachiwa barabara ninayoipita kila asubuhi kwa miguu nikija shuleni: Denis Pritt.

Wenzangu waliangua kicheko. Hata mimi nilidhani huyu Pritt alikuwa mlowezi fulani ambaye kibao chake kilisahaulika wakati majina ya wakoloni yaling'olewa baada ya uhuru. Kumbe sivyo. Jina lile lina heshima kubwa katika historia ya nchi hii. Lakini nilipozidi kuchimba maktabani, nilikutana na jambo jingine ambalo lilininyima raha kwa wiki nzima. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie yote mawili.

Denis Nowell Pritt alizaliwa London tarehe 22 Septemba 1887. Alisoma katika shule ya Winchester, moja ya shule kongwe za Uingereza, akasomea sheria, na mwaka 1909 akawa wakili. Alikuwa na kichwa chepesi na ulimi mkali. Kufikia mwaka 1927 alikuwa amepewa cheo cha Wakili wa Mfalme, na matajiri walimlipa vizuri awatetee. Angeweza kukaa kitako akala pesa zake kwa raha. Badala yake alianza kuchukua kesi za watu ambao mawakili wengine waliwakimbia kama ukoma.

Mwaka 1931, Mvietnamu mmoja aliyekuwa akitafutwa na Wafaransa alikamatwa Hong Kong. Waingereza walitaka kumtoa humo kwa njia ambayo ingemtia mikononi mwa Wafaransa, na huko kifo kilikuwa kinamngoja. Rufaa yake ilipofika London, Pritt ndiye aliyemsimamia. Mwaka 1932 pande mbili zilipatana kwamba mtu yule aondoke Hong Kong bila kukabidhiwa kwa Wafaransa. Mtu mwenyewe ni nani? Ni Ho Chi Minh, ambaye baadaye alitangaza uhuru wa Vietnam mwaka 1945.

Kisha ikaja kesi ya moto. Februari 1933 jengo la bunge la Ujerumani liliungua mjini Berlin, na serikali ya Hitler ikawasingizia Wakomunisti. Kabla kesi haijaanza Leipzig, wanasheria wa nchi mbalimbali walikutana London kuuchunguza ushahidi, na mwenyekiti wao alikuwa Pritt. Walikata shauri kwamba viongozi wa Kikomunisti walioshtakiwa hawakuwa na hatia. Mwezi wa Desemba mwaka huo hata mahakama ya Ujerumani ililazimika kuwaachilia wanne kati ya washtakiwa watano. Jina la Pritt likasikika dunia nzima.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa mbunge wa chama cha Labour kutoka Hammersmith Kaskazini. Mwaka 1936 alisafiri kwenda Moscow kutazama kesi. Safari hiyo naomba niiweke kando kwanza. Nitairudia, maana ndiyo iliyonitatiza. Sasa hebu tufike nyumbani.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Usiku huo huo polisi na askari walizunguka nyumba kwa nyumba. Jomo Kenyatta alikamatwa, pamoja na viongozi wengine wengi. Hatimaye sita walifikishwa kortini: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Shtaka lilikuwa kwamba waliongoza Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku mwaka 1950.

Je, kesi ingesikizwa wapi? Si Nairobi, ambako mawakili, waandishi na wananchi wangejaa. Serikali iliwapeleka Kapenguria, kule Pokot Magharibi, eneo ambalo mtu hakuingia bila kibali. Hapakuwa na hoteli. Mahakama yenyewe ilikuwa darasa la shule. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri karibu kilomita 40 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwa barabara ya vumbi, kila siku ya kesi. Na huko Kitale hoteli za wazungu hazikuwataka mawakili Waafrika na Wahindi. Watu waliokuwa wakitetea kesi moja hawakuweza hata kuketi meza moja wakala chakula cha jioni!

Pritt aliitwa kutoka London kuongoza jopo la utetezi. Alikuwa na umri wa miaka 65, umri ambao wazee wengi wanacheza na wajukuu. Pamoja naye walikuwa A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh wa hapa Kenya, Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, H. O. Davies wa Nigeria na Chaman Lall kutoka India. Tazama jopo hilo, msomaji. Mabara matatu na zaidi yamekusanyika ndani ya darasa moja.

Upande wa pili alikaa kiongozi wa mashtaka, Anthony Somerhough. Na juu yao wote alikaa hakimu, Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii. Hapakuwa na baraza la kumsaidia kuamua. Alikuwa yeye pekee na kalamu yake.

Ushahidi ulianza Desemba 1952, na kesi ikanguruma tangu siku za mwanzo. Pritt alituma simu ya maandishi kwa wabunge wenzake wa zamani huko London akilalamika kwamba jinsi kesi ilivyopangwa ni sawa na kuwanyima watu haki. Serikali ikaruka juu. Wakili mwenyewe akageuzwa mshtakiwa! Kesi ya Kapenguria ilisimamishwa, naye akafikishwa mbele ya Mahakama Kuu kwa kuidharau mahakama. Kama angepatikana na hatia, sita wale wangebaki bila kiongozi wao wa utetezi. Lakini hakupatikana na hatia. Akarudi Kapenguria, akaendelea pale alipoachia.

Halafu akamgeukia mkalimani. Serikali ilikuwa imemweka Louis Leakey, yule yule mtaalamu wa mifupa ya kale, awe mfasiri wa Kikuyu. Leakey alikijua Kikuyu vizuri sana, hilo hakuna aliyebisha. Ila mwaka huo huo wa 1952 alikuwa ametoa kitabu cha kuishutumu Mau Mau. Pritt alimwandama kuhusu tafsiri zake mpaka Leakey akaiacha kazi hiyo. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunapaswa kulikumbuka hili: neno moja likifasiriwa kombo linaweza kumfunga mtu.

Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Rawson Macharia. Alisema kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta kwa macho yake akiwalisha watu kiapo cha Mau Mau. Angalia tarehe hiyo. Chama kilikuwa hakijapigwa marufuku bado, kwa kuwa kilipigwa marufuku Agosti 1950. Pritt alilikamata jambo hilo. Kisha akaleta mashahidi wa utetezi, mmoja baada ya mwingine, waliosema jambo lile halikutokea. Vilevile alikumbusha mahakama kwamba Agosti 1952, katika mkutano mkubwa wa Kiambu, Kenyatta aliilaani Mau Mau mbele ya umati. Polisi walikuwa wamesomba shehena ya karatasi na vitabu nyumbani kwa Kenyatta, lakini Pritt alishikilia kuwa hawakutoa humo barua inayomwonyesha akiiongoza Mau Mau.

Tarehe 8 Aprili 1953 hukumu ikasomwa. Thacker alisema anamwamini Macharia na hawaamini mashahidi kumi wa utetezi waliompinga. Mmoja akawashinda kumi. Sita wote walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu.

Mambo hayakuishia hapo. Mawakili walikata rufaa, na hoja mojawapo ilikuwa ya kuchekesha kama si ya kuliza: Thacker alikuwa ameteuliwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa! Mahakama Kuu ilikubali, ikaifuta hukumu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaja ikairudisha. Achieng Oneko alishinda rufaa yake mwaka 1954, lakini serikali haikumwacha aende nyumbani. Aliendelea kuzuiliwa kwa miaka mingine mingi. Rufaa ya wengine ilifika mpaka London katika Baraza la Malkia, ikakataliwa bila sababu kutolewa.

Kwa hiyo Pritt alishindwa? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini miaka ilipopita, yaliyokuwa yamefunikwa yakafunuka. Ilijulikana kwamba Thacker alipewa na serikali paundi 20,000 kwa siri, kisha akaondoka nchini. Naye Macharia, mwaka 1958, alikula kiapo akasema ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa zawadi, ikiwemo kupelekwa kusoma Exeter, Uingereza. Mwaka 1959 alishtakiwa na kufungwa. Wala hakufungwa kwa kudanganya Kapenguria. Alifungwa kwa hati ile ya kusema kwamba alidanganya! Kenyatta alitoka kizuizini Agosti 1961, akawa Waziri Mkuu mwaka 1963 na Rais mwaka 1964. Kila neno ambalo Pritt alilalamikia darasani mule likaonekana lilikuwa na msingi.

Nilipofika hapo nilifurahi sana. Nilikuwa nimepata shujaa wangu, na wenzangu walionicheka wangejua. Nikafungua kitabu kingine nitafute mambo machache ya kumalizia. Ndipo nikaipata ile safari ya Moscow.

Agosti 1936, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Stalin, aliwafikisha mahakamani watu 16. Miongoni mwao walikuwa Zinoviev na Kamenev, waliokuwa karibu sana na Lenin katika siku za mapinduzi. Walishtakiwa kupanga mauaji wakishirikiana na Trotsky aliyekuwa uhamishoni. Hawakuwa na mawakili. Ushahidi ulikuwa karibu wote wa vinywa vyao wenyewe, kwamba walikiri. Mshtakiwa mmoja, Holtzman, alieleza kwamba mwaka 1932 alikutana na mtoto wa Trotsky katika Hoteli Bristol mjini Copenhagen. Siku chache baadaye gazeti moja la Denmark likatoboa siri: hoteli hiyo ilikuwa imebomolewa mwaka 1917! Lakini hata siri hiyo ilitoboka kwa kuchelewa. Kesi ilianza tarehe 19, ikaisha tarehe 24, na washtakiwa wote 16 walikuwa wamekwisha kupigwa risasi.

Pritt alikuwa ameketi ndani ya mahakama ile akitazama. Aliporudi London aliandika kijitabu kuieleza dunia kwamba kesi ilikuwa ya haki. Kwa kuwa alikuwa mwanasheria mkubwa, watu wengi walimwamini. Mwaka 1988 mahakama ya nchi ile ile ya Kisovieti ilitamka kwamba Zinoviev na Kamenev hawakuwa na hatia. Hapo walikuwa wamekaa kaburini zaidi ya miaka 50.

Nilipigwa na butwaa. Huyu ndiye yule yule? Mtu aliyeweza kumsumbua Leakey kwa ajili ya tafsiri ya neno moja, hakuuliza wako wapi mawakili wa watu 16? Aliyemwandama Macharia kwa ajili ya tarehe, hakuuliza hoteli ile iko mtaa gani? Ni kweli kwamba Moscow alikuwa mtazamaji tu, si wakili wa mtu. Lakini mtazamaji anaweza kunyamaza. Yeye aliandika.

Wala haikuwa bahati mbaya ya siku moja. Urusi ilipoivamia Finland, Pritt aliitetea, na Machi 1940 chama cha Labour kikamfukuza. Watu wa Hammersmith hata hivyo walimpenda, wakamrudisha bungeni mwaka 1945 akisimama bila chama, mpaka aliposhindwa mwaka 1950. Mwaka 1954 alipewa Zawadi ya Amani ya Stalin. Mwaka huo huo alikwenda Singapore kuwatetea wanafunzi wa chuo kikuu walioshtakiwa kwa sababu ya makala katika gazeti lao, akisaidiwa na wakili kijana aitwaye Lee Kuan Yew, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Wanafunzi wale waliachiliwa. Unaona mambo yake? Mkono wa kulia unafungua mlango wa jela, wa kushoto unapokea zawadi yenye jina la mtu aliyeijaza jela. Uzeeni alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana, akafariki dunia Mei 1972. Katika vitabu nilivyosoma sikuona popote aliposema kwamba Moscow alikosea.

Nilimwendea mlezi wa chama nikamwomba anibadilishie jina. Mwalimu alinisikiliza, kisha akaniambia nirudi nikaandike kwanza kwa nini nimekasirika hivyo. Nilikaa na karatasi tupu kwa siku mbili. Jibu nililopata halikunipendeza, lakini nitalitoa.

Nikiwa shule ya msingi, darasa la saba, nilikuwa kiranja. Siku moja pesa za safari za mwanafunzi mmoja zilipotea. Tuliulizwa tunamshuku nani. Niliandika jina la mvulana mmoja ambaye sikumpenda, kwa sababu alikuwa mtundu na alikuwa akinitania mbele ya wasichana. Sikuwa nimeona chochote. Alitumwa nyumbani wiki nzima akamlete mzazi. Mwisho wa muhula tulipokuwa tukisafisha darasa, mimi ndiye niliyezikuta pesa zile nyuma ya kabati. Nilizirudisha, nikapigiwa makofi kwa uaminifu. Lakini sikusema neno lolote juu ya yule mvulana, na hakuna aliyekumbuka kumwomba radhi.

Mwaka jana, rafiki yangu wa karibu alisingiziwa kuvunja kioo cha maabara. Nilikimbia kwa mwalimu, nikataka asikizwe, nikaleta mashahidi, nikaeleza saa na mahali. Aliachiliwa. Tangu siku hiyo darasani wananiita Wakili, nami nimekuwa nikilifurahia jina hilo.

Basi ndiyo sababu nilimkasirikia Pritt. Nyani haoni kundule. Yeye aliipenda Urusi kwa kuwa aliiamini ni nchi ya wafanyakazi na maskini. Hakimu alipokuwa adui yake, kila swali lilimjia kichwani. Hakimu alipokuwa wa upande wake, maswali yote yalilala usingizi. Alikuwa na mizani mbili, moja ya maadui na moja ya marafiki. Mimi pia nilikuwa nazo.

Je, kibao chake king'olewe? Mimi nasema kibaki. Maswali aliyouliza Kapenguria yalikuwa ya haki, hata kama muulizaji alikuwa na doa. Wale sita walihitaji mtu wa kusimama, naye akasimama, na pengine mtu asiye na doa angekaa London akinywa chai. Lakini wale 16 wa Moscow nao walikuwa watu, wenye wake na watoto. Anayemsifu Pritt kwa sita awataje pia hao 16. Hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa wakili.

Mwezi uliopita nilimwona yule mvulana kwenye kituo cha matatu. Sasa ni mrefu kuliko mimi. Nilimwambia yote, kwamba jina lake niliandika mimi na pesa nilizikuta mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Alisema mama yake alilia wiki ile, kisha matatu yake ikaja akapanda. Hakusema amenisamehe, na sikuona kwamba nilikuwa na haki ya kumwuliza.

Kesho asubuhi nitapita tena chini ya kibao kile. Wewe nawe, mwenzangu, siku utakapoitwa kusema juu ya mtu usiyempenda, mpe maswali yale yale ambayo ungempa rafiki yako.